Sakafu Yako Inakunywa Nini?

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Tanga, siku tuliyopitisha mikopo ya ujenzi. Wenzetu waliokuwa safarini, na wale wa Lushoto waliozuiliwa na mvua, wameomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa za maana sana.

Ndugu mwenyekiti, ndugu viongozi, wazee wangu, mama zangu, wadogo zangu, na nyinyi mafundi wenzangu mliojipanga nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: asalaam aleikum. Na wenzetu, Bwana Yesu asifiwe.

Wengi mnanifahamu kama Mama Fundi. Methali inasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama miaka 27, kwa sababu kazi yangu yote iko chini. Nyumba yako naijua kwa magoti kuliko unavyoijua kwa macho.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie sakafu za vitu vya asili. Nikamuuliza, kwa nini hilo? Akanionyesha fomu zenu za mikopo. Kwenye mstari wa sakafu mmeandika neno moja. Marumaru. Marumaru. Marumaru. Fomu baada ya fomu, marumaru.

Haya, niwaulize. Nani nyumbani kwake kuna marumaru? Nyosheni mikono juu. Mmh, karibu ukumbi mzima. Sasa nani ana marumaru ya jiwe, jiwe lenyewe, lililokatwa mlimani? Mikono miwili. Na mmoja ni wa mzee wangu huyu hapa mbele, ambaye sakafu ile nilimtandikia mimi.

Mnaona? Neno limehama. Marumaru ni jiwe la chokaa lililokaa chini ya ardhi, likapata joto na kubanwa mpaka likageuka jiwe jingine. Lakini ukienda dukani leo ukasema marumaru, utapewa kigae cha kiwandani: udongo uliochomwa, juu yake umechapwa picha ya jiwe. Simtukani mtu. Chooni kwangu kuna vigae hivyo hivyo, na nitawaambia kwa nini. Ila aliyenunua picha ya jiwe ataitunza kama picha, na aliyenunua jiwe atalitunza kama jiwe. Anayeyachanganya hayo mawili ndiye anayenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo, na nitalirudia mpaka mchoke. Kitu cha asili kinakunywa. Jiwe linakunywa. Mbao zinakunywa. Mkonge unakunywa. Chokaa inakunywa, tena yenyewe bila kunywa haiwi kitu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, kabla hujauliza rangi, kabla hujamtumia shemeji yako picha kwenye simu, uliza: chumba hiki kitainywesha nini sakafu yangu?

Watu wa Tanga tunataniwa kwamba kwetu ni waja leo waondoka leo. Sakafu haiondoki leo. Ikishashika imeshika.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja, nyumba yake iko upande wa baharini, alinipa kazi ya jiko. Alitaka marumaru nyeupe, ya jiwe, iliyosuguliwa mpaka unajiona uso. Nikatandika. Nilitumia simenti nyeupe chini yake, maana simenti ya kijivu hupenya ikatia kivuli kwenye jiwe jeupe. Nikapima kwa pima maji, nikaziba viungio, nikasugua. Kazi ilipendeza mpaka nikaipiga picha.

Ramadhani ikaingia. Mnajua jiko la Tanga mwezi wa Ramadhani. Ndimu, ukwaju, siki ya achari, juisi ya maembe mabichi. Baada ya wiki mbili mama ananiita: sakafu ina madoa. Nikaenda. Duara duara zimefifia, kama mtu ameweka glasi mbichi kila mahali. Mama alishazisugua kwa sabuni, hazikutoka. Msichana wa kazi, kwa nia njema kabisa, akachukua dawa ya kusafishia choo, ile yenye asidi, akasugua jiko zima. Sasa duara hazikuonekana tena, kwa sababu sakafu yote ilikuwa imefifia.

Yale hayakuwa madoa, ndugu zangu. Yalikuwa majeraha. Doa ni kitu kilichoongezeka juu ya jiwe, na jeraha ni jiwe lenyewe kupungua. Marumaru ni ukoo wa chokaa, na ndimu na chokaa haviketi pamoja: asidi inalila jiwe, mng'ao unakwenda. Utasema, si kuna sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe? Ipo, na ni nzuri. Inachelewesha mafuta na chai kuingia ndani. Lakini ndimu haihitaji kuingia ndani. Inauma pale pale juu.

Kosa lilikuwa la nani? Langu. Nilimuuliza yule mama kuhusu rangi, nikamuuliza kuhusu ukubwa wa vipande, sikumuuliza anapika nini. Nilirudi na mashine nikasugua upya kwa gharama yangu, na safari hii sikung'arisha. Nililiacha jiwe bila mng'ao, lifanane lote. Linaendelea kupata majeraha hadi leo, lakini hayaonekani, na mama ameridhika.

Tangu siku ile nina vipimo vitatu, na havinunuliwi dukani. Ukienda kuchagua jiwe, mwombe muuzaji kipande kilichovunjika. Akikataa kukupa hata kipande kilichovunjika, nenda duka jingine. Nyumbani, kwanza weka tone la ndimu kwenye uso uliosuguliwa, ngoja dakika chache, futa, tazama dhidi ya mwanga. Likiacha alama, hilo ni jiwe la chokaa au marumaru, hata kama ameliita jina gani. Pili, kwaruza pembeni kwa ncha ya kisu au msumari. Marumaru inakubali mkwaruzo. Granaiti haikubali, msumari ndio unaoacha mstari wake wa kijivu juu ya jiwe. Tatu, tone la maji. Lisahau kidogo, kunywa chai yako, rudi. Pale lilipokaa pamekuwa peusi? Jiwe lile lina kiu, kwa hiyo mafuta ya kupikia litayanywa vile vile.

Jiwe lililofaulu vipimo vyote vitatu, lipeleke jikoni. Lililoshindwa ndimu likafaulu maji, lipeleke sebuleni au chumbani. Halina ubaya wowote. Huko sebuleni nani anakamua ndimu sakafuni?

Na chooni? Chooni mimi nimeweka kigae cha kiwandani, kile kigumu wanachokiita poselini. Maji kinayokunywa hayafiki asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati vile vigae vyepesi vya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana nakasirika nikikuta fundi amepeleka kigae cha ukutani sakafuni kwa sababu "rangi imelingana". Mtanilaumu kwamba nimekuja kusifu asili halafu chooni kwangu nimeweka kiwanda. Nilaumuni. Mama yangu ana miaka 81, na choo chake kinamwagwa maji mara tano kwa siku kwa udhu peke yake. Nilichagua kigae chenye uso wa kukwaruza. Kama ungependa jiwe chooni, sawa, lakini lisiwe la kung'aa. Jiwe lililong'arishwa likipata maji na sabuni ni utelezi mtupu, na mzee akianguka hainuki kama mtoto.

Sasa niseme kidogo kuhusu neno letu lenyewe. Mmewahi kujiuliza sakafu ni nini? Neno limetoka Kiarabu, na kwa Waarabu *saqf* iko juu, ni dari, ni paa. Kwetu imeshukaje chini? Fikirieni nyumba ya mawe ya ghorofa, kama zile za Pangani, za Unguja, za Lamu. Unapanga boriti za mikoko. Juu ya boriti mawe, juu ya mawe kokoto za tumbawe na chokaa. Aliye chini akiangalia juu, hilo ni paa lake. Aliye ghorofani akikanyaga, ndipo anapolala. Kitu ni kimoja. Hata upana wa vyumba vile vyembamba na virefu, mnadhani ni mapenzi ya wazee? Ni urefu wa boriti. Boriti ikiishia hapa, chumba nacho kinaishia hapa.

Na tunasema kupiga sakafu. Kwa nini kupiga? Leo hakuna anayepiga kitu, tunamwaga zege tunasawazisha. Zamani walipiga kweli. Chokaa na kokoto zikishatandazwa, watu walijipanga wakaitwanga kwa vipande vya mbao, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka ikashikana na maji yakatoka juu. Kazi ya sakafu ilikuwa na ngoma yake. Sisi tumebaki na spika ya fundi inayopiga singeli. (Vicheko.) Na zege la chini tunaliita jamvi, na jamvi ni nini? Ni mkeka! Lugha yetu imekaa sakafuni muda mrefu.

Chokaa yenyewe inafanyaje kazi? Jiwe la chokaa, na sisi Tanga tumelikalia, mkiingia mapango ya Amboni mko ndani yake, linachomwa kwenye tanuu mpaka nyuzi 900 hivi. Hewa ya kaboni iliyofungwa ndani inatoka. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto, ndiyo kuzima chokaa. Ukiitandika, inaanza kunywa upya ile hewa iliyoipoteza, taratibu, na inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana nilisema chokaa bila kunywa haiwi kitu. Fundi anayetaka chokaa ishike leo jioni hajui chokaa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi Pangani, na hiki kisa alikuwepo. Tulipewa kazi kwenye nyumba ya zamani ya mawe, mji wa kale. Mwenye nyumba alitaka "kuisafisha". Tukabomoa sakafu ya chini ya chokaa, tukatandika nailoni, tukamwaga zege, tukaweka vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Ukutani tukapiga lipu ya simenti hadi usawa wa kiuno, ili ipendeze. Baba alikuja kuangalia, amekaa kwenye kiti cha plastiki, akasema neno moja tu: "Mmeiziba pua."

Sikumsikiliza. Nani anamsikiliza baba yake akiwa na miaka 30 na vifaa vipya?

Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili, kuta zikaanza kulia. Lipu inatoka vipande kama magamba ya samaki, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Unyevu wa ardhini ulikuwa ukitoka kwa miaka yote kupitia sakafu nzima, kidogo kidogo, na hakuna aliyeuona. Sisi tulipoufungia sakafuni ukatafuta njia nyingine, ukapanda ukutani. Ukutani nako tumeuzibia kwa simenti. Ukapanda zaidi. Tulibomoa lipu yote tukapiga ya chokaa, na pembezoni mwa sakafu, kando ya kuta, tukaondoa mstari wa vigae ili pavute pumzi. Ikapungua. Haikuisha.

Kwa hiyo nyie wenye nyumba za urithi, za mawe na chokaa, Pangani, Ngamiani, popote: msikimbilie vigae. Nyumba ile inakunywa na kupumua pamoja, sakafu na ukuta. Na kama mtatafuta chokaa, itafuteni ya mawe ya nchi kavu, si matumbawe ya baharini. Tumbawe lililo hai ndiyo nyumba ya samaki, na samaki tunamtaka.

Wenye matofali ya simenti na jamvi jipya lenye nailoni, siwashauri sakafu ya chokaa. Mafundi wake ni wachache, inataka muda, na mkopo wetu unataka marejesho. Nyinyi nawashauri kitu ambacho mmekikanyaga tangu darasa la kwanza bila kukiangalia: terazo. Zile sakafu za shule na hospitali za zamani, zenye vipande vya mawe meupe na meusi, zimekanyagwa miaka 50 na bado ziko. Ni mabaki ya marumaru na simenti, vinasuguliwa pamoja. Waitaliano wa Venice ndio waliotoa jina hilo, walikuwa wakitumia vipande vilivyobaki kwenye kazi za matajiri. Ikichakaa haiondolewi, inasuguliwa tena. Ndimu itaiuma, nimeshawaambia, lakini kwa jinsi ilivyo ya madoadoa, kovu halionekani. Kama mama yule wa jiko angeniuliza leo, ningempigia terazo.

Mbao. Hapa nitagawa ukumbi mara mbili, watu wa pwani na watu wa Usambara. Mkoa mmoja, lakini mnaishi nchi mbili.

Nikiwa mtoto, mchana wa kaskazi tulikuwa tunalala kifudifudi kwenye sakafu tupu, shavu chini, kwa ajili ya ubaridi. Jiwe na simenti hunyonya joto la mwili wako haraka, ndiyo raha yake hapa. Sasa chukua raha hiyo uipandishe Lushoto mwezi wa saba usiku. Si raha tena, ni adhabu. Mtu wa Lushoto akiniuliza marumaru ya jiwe chumbani, nitamwambia aweke mbao. Misaji iko hapo chini Muheza, kwenye shamba la serikali la Longuza. Msaji mchwa haupendi. Ila angalieni ubao: kiini, ile sehemu ya kahawia, ndicho kigumu na ndicho kinachokataliwa na mchwa. Ile nyeupe ya pembeni mchwa anakula kama mkate. Muuzaji atakuuzia zote kwa jina moja la msaji.

Hapa mjini sasa. Kuna bwana mmoja alirudi kutoka Ulaya na kontena. Ndani yake mbao za sakafu, nzuri, zimefungwa kwa nailoni. Akaniita nitandike. Mbao zile zilikaushwa kiwandani kwa ajili ya nchi zenye baridi na vipasha joto ndani ya nyumba, unyevu wake kama asilimia 8. Hewa yetu ya pwani huitaka mbao itulie kwenye asilimia 14 hivi. Nikamwambia, bwana mkubwa, tuzifungue, tuzipange sebuleni na vijiti katikati, zikae wiki tatu zinywe hewa ya Tanga. Akasema anarudi kazini Jumapili. Akamchukua fundi mwingine, akabananisha mbao ukuta kwa ukuta, hata karatasi haipiti.

Mbao haiongezeki urefu, inaongezeka upana. Masika yalipoingia zikanywa, zikanenepa, hazina pa kwenda, zikainuka katikati ya sebule kama nundu ya ngamia. Sofa la watu watatu likawa linabembea. (Vicheko.) Mnacheka, lakini kontena lile liligharimu. Acheni nafasi ya sentimita moja kando ya kila ukuta, ubao wa pembeni utaifunika. Na kabla ya mbao, jaribuni zege: gundisha kipande cha nailoni chini, pande zote nne, kikae usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, zege bado ni bichi. Subiri.

Nimeulizwa pale nje kuhusu mbao za mnazi. Zinafaa, tena zinapendeza, hazina vifundo kwa kuwa mnazi hauna matawi. Ila mnazi ni kinyume cha msaji: ugumu wake uko nje, katikati ni laini kama muhogo. Nunua kwa mtu anayepasua minazi mizee na kutupa moyo wake.

Mkonge. Hivi, ndugu zangu, sisi si watu wa mkonge? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hapa hai ni 62. Kutokana na miche 62 nchi hii ikafikia tani 230,000 kwa mwaka, mwaka 1964. Babu zetu wamekata majani yale, mikono imechubuka. Halafu leo nikiingia sebule ya mtu wa Tanga nakuta nini? Zulia la plastiki lenye picha ya simba. Na zulia la mkonge, lililofumwa kwa nyuzi kama zile zile, mzungu analitandika sebuleni kwake na kulisifia wageni.

Silitetei bure. Mkonge ni mlevi kuliko wote niliowataja. Ukimwaga soda doa halitoki. Ukilifua linasinyaa na kukunjamana. Kwenye baraza linalopigwa na mvua litaoza. Kwa hiyo liweke chumbani, au sebule ambayo watoto wameshakua. Likichafuka, likung'ute, lianike, lipige mgongo. Kwa kweli, mwenye watoto wadogo na mkopo mdogo, mkeka wa ukindu juu ya sakafu ya simenti iliyosuguliwa vizuri unamtosha, na ukichakaa anasukiwa mwingine.

Nimemsikia mama mmoja wa Handeni akiuliza polepole: na sisi wa sakafu ya udongo? Mama, usiulize polepole. Udongo ndio sakafu ya asili kuliko zote humu ndani. Nimelelewa nikisiriba na bibi yangu, udongo wa kichuguu na samadi, kila Ijumaa. Lakini sitakudanganya. Udongo mtupu unakunywa kila kitu, pamoja na mkojo wa mtoto, halafu unautoa kama vumbi. Mexico, jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwamwagia watu maskini zege juu ya sakafu za udongo. Watafiti walipolinganisha, walikuta kubadilisha sakafu yote ya udongo kulipunguza minyoo na vimelea kwa watoto kwa asilimia 78. Sakafu tu, ndugu zangu. Kama zege bado liko mbali kimkopo, Rwanda wako wanaoshindilia udongo na changarawe mpaka uwe mgumu, halafu wanaupaka mafuta ya mimea yanayokauka, kama ya kitani, tabaka kwa tabaka, unakuwa hauna vumbi na unapigwa deki. Kazi yao yote ni kuupunguzia udongo kiu. Nikipata nafasi nitakuja Handeni tujaribu chumba kimoja.

Namalizia na vijana wangu wa nyuma, wa grainda. Simameni niwaone. Jiwe lile mnalolikata likiwa kavu, mnaonekana kama mmetoka kwenye gunia la unga. Vumbi la granaiti lina chembe ngumu ambazo pafu halizitoi. Zinakaa, pafu linaota makovu, na hakuna dawa ya kuyafuta. Australia tangu tarehe 1 Julai 2024 wamepiga marufuku jiwe la kutengenezwa kiwandani, lile linalounganishwa kwa gundi, kwa sababu vumbi lake lilikuwa linawaumiza wakataji. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja miaka 12, alikuwa anaimba kuliko redio. Sasa akipanda ngazi tatu anakaa. Kateni kwa maji. Kijana mmoja anamwaga kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, mwingine anakata, na waya wa umeme uwe mzima, usiguse maji. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi. Na nyinyi wenye nyumba, fundi akikuomba pipa la maji na siku moja ya ziada, mpe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta mawe manane, yako kwenye meza pale mlangoni, hayana majina. Ndimu ziko kwenye sahani, kisu ni kimoja, mpokezane. Andikeni kwenye karatasi mnadhani lipi ni marumaru, lipi ni granaiti, lipi ni kigae, tutaangalia baada ya chai. Ila lile jeusi la mwisho msilikwaruze. Nimeliazima dukani, na nimesema nitalirudisha kama lilivyo.